Mashine ya kukata nyasi inalala nje? Namna ya kuitunza isimalizwe na mvua, ukungu na vumbi la huku nyanda za juu

Watu wengi huku Mbeya, Iringa na Njombe wenye bustani ya ukoka hawana stoo ya maana. Kama ipo basi imejaa magunia ya mahindi na mbolea, kwahiyo mashine ikimaliza kazi inasukumwa nyuma ya nyumba, inatupiwa kipande cha turubai, juu tofali mbili upepo usipeperushe, imeisha hiyo. Desemba nyasi zikifika magotini unavuta kamba mpaka bega linauma, haiwaki. Fundi anakuja anafungua, kabureta imeziba, plagi ina kutu, deki chini (lile bati linalofunika kisu) imeanza kutoboka, na mwenye mali anashangaa, mbona nilifunika?

Ndiyo, ulifunika, tena ulifunika kwa kubana kabisa. Mashine iliyonyeshewa mara moja alafu ikapigwa na upepo na jua itakauka, haina shida sana. Inayoharibika ni ile iliyofungiwa unyevu ndani ya nailoni miezi mitano na petroli ya zamani kwenye tangi. Kwahiyo humu chini kila kitu ntakachosema kinaenda kwenye mambo mawili tu, ipate hewa na isilale na mafuta.

Kwanza uelewe hali ya hewa yetu maana maelezo yanayokuja na mashine yameandikwa kwa watu wa kwenye theluji, au hayajafikiria mahali popote. Sisi Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mvua ni msimu mmoja mrefu, inaanza Novemba hivi mpaka Aprili au Mei, alafu inakata. Juni na Julai baridi, usiku unatetemeka na kule Kitulo, Makete na mabonde ya Njombe sakitu inaanguka kabisa, ila mchana jua linawaka kweli kweli na huku juu jua linakula plastiki haraka kuliko unavyodhani. Agosti mpaka Oktoba upepo na vumbi. Sasa usiku chuma kinapoa sana, ikija hewa yenye unyevu inagandia pale pale kwa matone, kama chupa ya soda ukiitoa kwenye friji. Ukiwa umefunika mpaka chini, ule unyevu unaotoka ardhini unapanda, unakutana na chuma cha baridi, unatiririka, jua likitoka unapanda tena, na mchezo huo unaendelea kila siku wewe umelala zako unajua mashine iko salama. Mufindi na ukungu wake ndo usiseme.

Wa Tukuyu na Rungwe yote nyie mna habari yenu, kule mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka na nyasi hazisimami kukua, kwahiyo mashine hailali muda mrefu. Kwenu ruka mambo ya kumwaga petroli, nenda moja kwa moja kwenye deki na kibanda, hapo ndo mtaponea.

Anza na petroli

Nianze hapa maana ndo chanzo cha malalamiko mengi. Petroli ikikaa zaidi ya mwezi kwenye tangi inaanza kuchoka, sehemu nyepesi inapaa na inayobaki inakuwa kama gundi ya rangi ya chai, na vitundu vya kabureta ni vidogo kama ncha ya sindano, vikiziba ndo hivyo tena. Kama utakata tena ndani ya wiki mbili tatu acha tu, funga koki ya mafuta basi. Lakini ukishaona mvua zimekata na nyasi zimesimama, yaani Mei huko, fanya hivi.

Toa petroli yote kwenye tangi. Tumia mpira mwembamba na bomba la sindano kubwa, usivute kwa mdomo jamani, petroli ikiingia kwenye mapafu ni hospitali. Fanya nje, mbali na jiko. Petroli uliyotoa kama bado haijabadilika rangi wala harufu ichuje kwa kitambaa safi umpe mwenye bodaboda aitumie leo leo, pikipiki haitalalamika (sio ile iliyochanganywa na oili ya mashine za kufyekea za begani, hiyo hapana). Alafu washa mashine iungurume mpaka izime yenyewe kwa kukosa mafuta. Washa tena na choki, itaguna kidogo, izime. Mwisho angalia chini ya bakuli la kabureta, kuna bolti, mara nyingi spana namba 10, ilegeze yamwagike matone yaliyobaki kwenye kitambaa, kaza tena taratibu maana ile ni alumini inachubuka nyuzi kirahisi. Hilo bakuli wengi wanalisahau na ndilo linaloifanya kabureta ishike gundi.

Tangi likiwa la plastiki liache tupu, funga kifuniko. Likiwa la bati dogo la zamani, tupu linashika kutu kwa ndani kwa sababu ile ile ya umande, kwahiyo mimina kijiko cha oili safi, lizungushe zungushe lipakae kote, msimu ukianza suuza kwa petroli kidogo kabla ya kujaza.

Kuna dawa za kuchanganya na petroli isiharibike, ukizipata sawa, soma chupa. Binafsi naona kwa mashine inayolala miezi mitano huku nje kumwaga ndo uhakika.

Chini ya deki

Kabla ya kugeuza mashine chomoa waya wa plagi. Hata kama imezimwa, hata kama tangi halina kitu, chomoa na uusogeze mbali. Kisu kikizunguka hata nusu duara kwa bahati mbaya vidole havirudi.

Alafu igeuze ikiwa upande wa kabureta na ea klina (chujio la hewa) uko juu. Ukigeuza kinyume oili inatembea mpaka kwenye ea klina na kwenye silinda, siku ya kuwasha moshi mtaa mzima wanajua. Nyasi zilizogandamana pale chini zinashika maji muda mrefu na zikiooza zinakula chuma, kwahiyo kwangua na kipande cha mti au plastiki ngumu, malizia na brashi ya waya. Maji kidogo sio dhambi, ndoo na kitambaa, ila ile mashine ya presha ya kuoshea magari usiielekeze kwenye injini, inasukuma maji kwenye beringi na kwenye koili na hayo maji hayatoki. Ukishaosha iache juani masaa kadhaa mpaka ikauke kweli.

Sehemu zilizochubuka rangi piga msasa mpaka chuma king'ae, paka redoksaidi (rangi ya chini ya kuzuia kutu), ikikauka juu rangi ya mafuta. Kazi ya nusu siku na ndo inayofanya deki idumu. Baada ya hapo futa chini kote na kitambaa chenye oili kidogo, filamu nyembamba tu. Kuna watu wanapaka grisi nene kama wanapaka siagi, hiyo inakusanya vumbi la Septemba na mbegu za nyasi na msimu ukianza una tope la kukwangua upya.

Kisu kitoe sasa hivi, una muda. Kinoe kwa tupa, kining'inize kwenye msumari kwa lile tundu la katikati uone kama upande mmoja unalala, unaolala ndo mzito, uongezee tupa kidogo. Kipake oili, kirudishe ukikaze sawasawa au ukihifadhi ndani hadi msimu, mi naona ndani bora, maana hata mwizi akichukua mashine ataipata haina kisu, kamsumbuko kadogo.

Oili na plagi

Oili iliyofanya kazi msimu mzima ina masizi, ina maji, ina tindikali kidogo, ikilala ndani miezi inakula vyuma. Imwage injini ikiwa vuguvugu, yaani mara tu ikishazima kwa kukosa mafuta, weka mpya. Mashine nyingi za kusukuma zinakula kama nusu lita hivi ya SAE 30 au 10W-30, pima na kijiti chake usizidishe. Oili chafu iweke kwenye kidumu, usimwage mtaroni, kuna kazi nayo hapo chini.

Toa plagi, dondoshea oili safi kijiko kimoja cha chakula kwenye tundu, vuta kamba taratibu mara tatu nne ili isambae kwenye kuta za silinda, rudisha plagi. Alafu kuna kitu kidogo watu hawakifanyi. Vuta kamba polepole mpaka uhisi imekaza, iachie hapo hapo. Ukihisi hivyo pistoni iko kwenye mgandamizo, valvu zote mbili zimefunga, kwahiyo hewa ya ukungu haina mlango wa kuingia ndani. Haikugharimu senti.

Ea klina ya sponji ioshe na sabuni, kausha kabisa, ya karatasi igonge gonge itoe vumbi au nunua mpya. Waya za breki na gia dondoshea oili kama unavyofanya za baiskeli.

Ikae wapi

Zunguka nyumba yako wakati wa mvua, au kama mvua zimeisha angalia ukuta upi una alama za matope yaliyorukia, mpaka wapi. Ukuta huo sio. Tafuta upande mkavu, chini ya upenu, sehemu ambayo maji ya bati hayadondokei na hayatiririkii. Isiegemee ukuta wa tofali za kuchoma usio na plasta, unanyonya maji kama nini, acha nafasi ya sentimita 10 hewa ipite nyuma.

Isikae juu ya udongo wala juu ya nyasi. Hata zege tupu lina unyevu unaopanda. Weka chaga, ile ile ya kupangia magunia ya mahindi, iinuke tofali moja kutoka chini. Mbao za kutengenezea huku hatuna shida nazo, tuna paini ya Sao Hill na milingoti kila kona.

Na hapa niseme kitu kwa sauti. Usiiweke karibu na mbolea! Iwe CAN, UREA, DAP au SA, zote zinavuta unyevu hewani na zile chumvi zake zinakula chuma na alumini vibaya sana. Nimeona mashine zilizokaa ndani ya stoo kavu kabisa pembeni ya mifuko ya mbolea ziko hoi kuliko zilizonyeshewa nje. Kwa wakulima wa mahindi na viazi hili ni kubwa kuliko mvua. Kama uchaguzi ni stoo yenye mbolea au nje chini ya upenu, chagua nje.

Vile vile usiipeleke jikoni eti kuna joto. Juni watu wanaota mkaa ndani, mashine yenye hata harufu tu ya petroli humo ni hatari ya moto.

Kibanda

Kama una siku moja na fundi seremala wa mtaani, tengeneza kakibanda. Sio lazima kawe kazuri. Mashine ya kusukuma ukikunja mpini inatosha kwenye upana wa mita 1 na kina cha mita 1.2, usipokunja mpini weka kina mita 1.6 hivi. Mbele juu mita 1.3, nyuma mita 1.1, maji yaende nyuma mbali na mlango. Ukiegemeza kwenye nyumba geuza, juu iwe upande wa ukutani.

Nguzo za mlingoti zilizotiwa dawa au mbao za 2 kwa 3. Hapa ndo ile oili chafu inapata kazi, paka miguu ya nguzo sehemu yote itakayogusa udongo, mchwa wa Iringa hawana huruma. Bora zaidi nguzo zisimame juu ya tofali au zege. Paa bati, litokeze sentimita 30 kila upande, maana mvua za huku zinakuja na upepo zinapiga ubavuni, na mvua ya mawe nayo ipo, turubai halihimili ila bati linahimili. Chini ya bati kama una vipande vya mbao nyembamba au hata mkeka wa mianzi weka, bati tupu usiku linatoa jasho alafu linadondosha juu ya mashine, watu wanadhani paa linavuja.

Kuta sasa. Usizibe. Njia nzuri kwa huku ni mianzi, ile ile ya ulanzi, pasua fito pigilia ukiacha nafasi ya kidole kati ya fito na fito. Upepo unapita, mvua inazuiwa kwa sehemu kubwa, na mtu haoni vizuri kilichomo. Ila mianzi mibichi inaliwa na dumuzi, kata iliyokomaa na uiache ikauke kivulini kwanza. Ukitaka mbao sawa, ukitaka bati kuta tatu sawa pia, ila acha wazi sentimita 10 chini na 10 juu chini ya paa. Upande unaopigwa na upepo wa kiangazi uzibe zaidi, kwetu sehemu nyingi ni upande wa kusi, huko ndo vumbi linatokea.

Kufunika

Hata kwenye kibanda funika, kwa ajili ya vumbi na kinyesi cha kuku wanaopenda kulala juu ya mpini. Ila kwanza ipoe. Ekzosi ikiwa ya moto inayeyusha turubai, ipe nusu saa hadi saa zima baada ya kuizima.

Kifuniko kizuri cha bei ndogo ni salfeti za mahindi mbili tatu zilizoshonwa pamoja, zinapitisha hewa. Kama haina paa juu kabisa ndo ongeza turubai zito, lakini turubai lisilale kwenye mashine moja kwa moja, weka fito mbili zilizopindwa au kreti la soda juu ya injini litengeneze nafasi, na lisifike chini, liachie kiganja kizima kutoka ardhini. Lifunge kamba pembe nne, usilikandamize na tofali kuzunguka pande zote. Turubai la bluu la bei chee jua la huku linalichana msimu mmoja tu na linaanza kudondosha vinyuzi, nunua lile zito la magari. Blanketi kuukuu usiweke, likishanyonya maji linakuwa kama unailaza mashine kwenye kitambaa cha mvua.

Panya na watu

Baada ya mavuno panya wako kila mahali na injini yenye mapezi ya kupozea ndo kitanda chao, wanajaza majani na kutafuna waya. Ziba tundu la ekzosi kwa kitambaa chenye mkia mrefu mwekundu unaoning'inia, ili usisahau kukitoa, hiyo inazuia na nyigu wanaojenga vinyumba vya udongo. Usiache magunzi wala pumba karibu.

Wezi: mnyororo usipitishe kwenye mpini, mpini unafunguliwa kwa mkono bila hata spana. Pitisha kwenye fremu karibu na injini, kufuli lishikane na kitanzi cha nondo kilichozamishwa kwenye zege. Piga picha namba ya injini uitunze kwenye simu.

Za umeme, za betri na zile kubwa za kukalia

Za betri, betri inalala ndani ya nyumba, sio nje, isijae kabisa wala isiishe, nusu nusu hivi. Ya waya wa umeme nje hapana kabisa, tafuta hata kona ya uvungu. Ya kukalia toa betri, ichaji mara moja kwa mwezi, na uinyanyue juu ya tofali matairi yasilale upande mmoja. Mashine za begani za kufyekea zitundike tu ndani, nyepesi zile, na mafuta yake ya mchanganyiko yanaharibika upesi pia kwahiyo yamwage.

Kiangazi chote

Mara moja kwa mwezi, siku ya jua, ukungu ukishapanda saa nne saa tano hivi, vua kifuniko, iache ipigwe na hewa mpaka mchana. Angalia chini kama kuna unyevu au alama za panya. Vuta kamba polepole, irudi pale inapokaza. Ukikuta matone upande wa ndani wa turubai basi hewa haipiti, pandisha turubai au ongeza nafasi.

Mvua zikirudi

Usikimbilie kuvuta kamba. Toa kitambaa kwenye ekzosi, kagua mapezi, rudisha kisu na ukikaze, angalia oili, weka plagi mpya kama ya zamani imechakaa, rudisha waya wake, alafu petroli mpya ya sheli ya leo, sio ya kidumu cha mwaka jana. Fungua koki, subiri dakika mbili tatu bakuli lijae, choki, vuta. Itatoa moshi mweupe mzito mwanzoni, ile ni oili uliyoweka kwenye silinda inaungua, majirani watakuangalia, iache iungurume dakika chache itakata. Moshi usipokata baada ya robo saa hapo zima, pima oili kama hukuzidisha, na kama iko sawa ndo umuite fundi.